Namna ya kuandika maelekezo ya kusakinisha Linux ili mgeni afike mwisho bila kukupigia simu

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wananiuliza swali lile lile: mashine bado nzima, Windows 11 inaikataa, nifanyeje? Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia takriban kizazi cha nane. Laptopu ya kizazi cha nne au cha tano, ambayo Kariakoo bado inasifiwa na muuzaji kama bibi harusi, imeachwa nje. Mimi huwajibu: piga, yaani sakinisha, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kazi huanza wanaposema, "Haya, basi niandikie namna ya kufanya."

Maelekezo yangu ya kwanza yalikuwa mistari tisa, na hayakuwa na kosa hata moja. Nilimtumia binamu yangu kwa WhatsApp. Alianza kunipigia kwenye mstari wa pili, na mstari wa nne tuliumaliza kesho yake. Kumbe nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Kila mstari ulimkumbusha anayejua. Asiyejua aliachwa njiani. Basi haya ni yako wewe ambaye kwenu ndiye "fundi wa kompyuta", unayeombwa msaada na shangazi, na mwalimu wa jirani, na kijana wa mtaani aliyenunua laptopu jana. Mfano wangu ni Linux Mint kwa sababu ndiyo ninayoipiga mara kwa mara.

1. Mchagulie, usimwachie achague

Kwenye ukurasa wa kupakua Mint mgeni anakutana na matoleo matatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kwako wewe hiyo ni raha. Kwake ni mtihani wa somo ambalo hajawahi kuingia darasani. Muulize mashine yake ina RAM kiasi gani, kisha mwamulie. GB 4 kushuka chini, mwandikie Xfce. Zaidi ya hapo, Cinnamon. Sababu itamfikia baadaye akitaka.

Weka kipimo cha kujua kama mashine inafaa, pamoja na mahali pa kukisoma. Kuanzia toleo la 20, lililotoka mwaka 2020, Mint haiendi kwenye prosesa ya biti 32. Ukiandika "hakikisha mashine ni biti 64" umemwachia kitendawili. Andika hivi: fungua Settings, ingia System, shuka hadi About, tafuta mstari wa "System type". Ukiona humo maneno "x64-based processor", endelea. Usipoyaona, simama, nitafute. (Mwanzo wa mstari huo unaizungumzia Windows yenyewe, na unaweza kuandika 32 hata kama prosesa ni ya 64. Ndiyo maana unamtajia maneno kamili ya kutafuta.)

Juu kabisa ya karatasi andika toleo ulilolijaribu na mwezi uliolijaribu. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho hadi 2029, lakini sura ya skrini hubadilika kati ya toleo na toleo. Mgeni akiona skrini isiyofanana na karatasi yake, wazo la kwanza ni kwamba ameharibu yeye.

2. Vitu vya kuweka mezani

Orodha iwe fupi, na kila kitu kiwe na kipimo. Flashi ya GB 8 au zaidi, ambayo vilivyomo vikifutika hakuna atakayelia. Chaja, kwa sababu betri za laptopu za mtumba nyingi hazimalizi robo saa. Aangalie LUKU ina uniti ngapi kabla hajaanza. Umeme ukikatika wakati programu inagawa diski, hutamaliza kueleza kwa simu. Bando la kutosha faili la karibu GB 3.

Na kitu ambacho nilikisahau mimi kwa muda mrefu: maelekezo yenyewe yawe nje ya hiyo laptopu. Niliwahi kumtumia mtu PDF nzuri yenye picha, akaifungua kwenye mashine ile ile tunayokwenda kuizima. Ilipowaka tena akiwa kwenye flashi, PDF haipo. Chapisha karatasi, au mwambie ayafungue kwenye simu.

3. Maneno

Hapa ndipo maelekezo mengi ya Kiswahili yanapoanguka, na yanaangukia pande mbili. Wengine hutafsiri kila kitu, hadi mgeni anatafuta kitufe cha "Endelea" kwenye skrini iliyoandikwa "Continue". Wengine huchanganya Kiingereza cha fundi hadi sentensi ya Kiswahili inabaki na viunganishi tu.

Kanuni yangu ni hii. Neno lililo kwenye skrini liandike kama lilivyo, herufi kwa herufi, ndani ya alama za kunukuu. Kisha eleza kwa Kiswahili kitu hicho kinafanya nini. "Bofya 'Install Now'. Ukibofya hapo, ndipo diski inapoanza kuguswa." Mgeni hahitaji kujua Kiingereza ili alinganishe herufi za karatasi na za skrini.

Mengine yote yawe Kiswahili anachokitumia. Nawaheshimu sana waliotafsiri programu kwa lugha yetu. Mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice tangu 2004. Lakini ukimwambia shangazi "unda kizigeu kipya", atakuuliza kama unataka kugawa sebule. Yeye anajua "Disk C" na "Disk D". Anzia hapo: diski moja inaweza kugawanywa mafungu, kama C na D ulizozizoea. Vivyo hivyo, "kusakinisha" wengi wanalisoma bila shida, ila mdomoni wanasema "kupiga Windows". Mimi huandika yote mawili mara ya kwanza, halafu nabaki na moja.

Tofautisha pia "bofya" na "bonyeza". Bofya ni ya kipanya, bonyeza ni ya kibodi. Ukiyachanganya, mtu atatafuta F12 kwenye skrini kwa mshale. Nimeona kwa macho yangu.

4. Tendo moja, kisha atakachokiona

Huu hapa mstari wa tatu wa yale maelekezo yangu ya zamani:

"Chomeka flashi, restati, ingia boot menu, chagua USB."

Matendo manne, na kila moja lina mahali pa kukwama. Sasa hivi naandika namna hii, na karibu nusu ukurasa unakwenda kwa hilo tu:

"Chomeka flashi kwenye laptopu. Washa Windows kama kawaida. Bofya Start, kisha alama ya kuzimia. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi, na ukiwa umekishikilia, bofya 'Restart'. Usiachie Shift mpaka skrini igeuke bluu na kuandika 'Choose an option'. Bofya 'Use a device'. Utaona orodha, chagua mstari wenye jina la flashi yako au neno USB. Kompyuta itazima na kuwaka. Ukiona maandishi yanayoanza na 'Start Linux Mint', umefika. Bonyeza Enter."

Njia hii ya Shift inafaa kwa mashine nyingi zilizokuja na Windows 8 kuendelea, na inamwepusha mgeni na mbio za kuwahi kitufe ndani ya sekunde mbili. Isipofanya kazi, au "Use a device" isipoonekana, ndipo umpe vitufe: Dell na Lenovo nyingi F12, HP F9, Asus nyingi Esc. Acer ni F12, ila mara nyingi menyu hiyo imefungwa hadi uifungulie kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, nje ya Windows) kwa F2. Usimwandikie orodha ya kampuni kumi. Unajua laptopu yake ni ipi. Mwandikie kitufe chake, na umwambie akigonge mfululizo mara tu anapowasha, tap-tap-tap, asikishikilie. Kama hakiitiki, ajaribu akiwa ameshikilia Fn.

Muundo wenyewe uushike: fanya, utaona, usipoona. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo inayoachwa. Maelekezo yasiyoeleza kitu kisipotokea ni maelekezo ya siku njema tu.

5. Faili na flashi

Mgeni akimaliza kupakua, atafanya kitu cha busara kabisa kwa mtu yeyote aliyewahi kuhamisha nyimbo: atalikopi faili la .iso, lile lenye Mint nzima, na kulibandika kwenye flashi. Halitawaka. Kwa hiyo sema wazi kabla hajafika: faili hili halikopiwi, linaandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu. Mpe moja tu, balenaEtcher au Rufus. Mimi hutoa Etcher kwa mgeni kwa sababu ina vitufe vitatu na haimwulizi maswali.

Halafu mwonye kuhusu dirisha litakalomtisha. Etcher ikimaliza, Windows inaweza kuibuka na kusema "You need to format the disk", ikimpa kitufe cha "Format disk". Akikubali, kazi yote imefutika. Andika: "Ukiona dirisha hili, bofya 'Cancel'. Flashi yako haijaharibika. Windows haijui kuisoma, basi." Sentensi hiyo moja imeniokoa na simu nyingi kuliko nyingine yoyote.

Kuhakiki faili kwa SHA256, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, je? Wengi huliacha kwa mgeni, mimi siliachi, maana bando likikata katikati unapata faili pungufu, na hitilafu yake hujitokeza saa mbili baadaye ikiwa na sura nyingine kabisa. Mwambie ahakikishe kwanza jina la faili haliishii kwa .crdownload, maana hilo ni faili ambalo Chrome haijalimaliza. Kisha afungue Command Prompt kwenye folda ya Downloads, aandike certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Itatoka tungo ya herufi na tarakimu 64. Alinganishe nane za mwanzo na nane za mwisho na zile zilizo kwenye tovuti ya Mint. Kwa kukagua kama upakuaji umekatika, hizo zinatosha. Usimwambie apime kwa ukubwa. Tovuti ikihesabu kwa elfu na kuandika GB 2.9, Windows inahesabu kwa 1,024 na kuandika GB 2.7, naye ataamini amepunjwa.

6. Hapa andika kwa herufi kubwa

Mint ikiwaka kutoka kwenye flashi, inaonyesha dawati kamili: menyu, Firefox, kila kitu. Mgeni hudhani amemaliza. Mama mmoja mwenye duka alitumia Mint ya kwenye flashi siku nzima, akaandika hesabu za mkopo za wateja wake, akazima. Asubuhi hakuna kitu. Basi iwe wazi: "Hapa bado hujasakinisha. Unaonja tu. Ukizima, yote uliyoyafanya yanapotea." Mwambie aitumie nafasi hiyo kujaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Vikikubali hapa, vitakubali na baadaye. Ndipo abofye mara mbili aikoni ya "Install Linux Mint".

Sasa tunafika penye skrini ya "Installation type". Kama una ukurasa mmoja wa kuandika kwa utulivu, uwe huu. Kwa kawaida kuna machaguo matatu. "Install alongside" inaibakiza Windows na kuigawia Mint fungu. "Erase disk and install Linux Mint" inafuta diski nzima: Windows, picha, Disk D, kila kitu. "Something else" ni ya kugawa kwa mkono, mgeni asiiguse.

Niliwahi kuandika "chagua la pili". Kwenye mashine yangu la pili lilikuwa ndilo nililolikusudia. Kwenye mashine ya mjomba, Windows haikutambuliwa, orodha ilipanda nafasi moja, na la pili likawa jingine kabisa. Alisitasita, akanipigia kabla ya kubofya. Namshukuru Mungu kwa woga wa mjomba, maana picha za arusi zilikuwa Disk D na hazikuwa kwingine. Usimwelekeze mtu kwa namba ya mstari au kwa "kile cha chini". Taja maneno.

Na onyo likae kabla ya tendo. Watu husoma mstari, wanafanya, ndipo wanasoma unaofuata. "Bofya 'Erase disk'. Kumbuka kwanza kuhifadhi picha zako" ni ajali iliyoandikwa kwa adabu. Ianze hivi: "Simama. Je, picha, nyaraka na hesabu zako zipo mahali pengine nje ya laptopu hii, na umezifungua huko ukaziona? Kama hapana, funga dirisha hili. Hakuna kilichoguswa bado." Hilo la kuzifungua na kuziona usiliache. Kukopi si kuhifadhi mpaka faili lifunguke.

Baada ya "Install Now" linatokea dirisha la mwisho, "Write the changes to disks?", lenye "Go Back" na "Continue". Mweleze kwamba huu ndio mlango. Kabla yake unaweza kurudi. Baada yake hapana.

Anayetaka kubaki na Windows ana jambo jingine la kushughulikia mapema: BitLocker, kufuli la diski la Windows. Baadhi ya laptopu husimbwa bila mwenyewe kujua, na kisakinishi cha Mint hakiwezi kupunguza fungu lililofungwa. Ukigusa mipangilio ya Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo wakati mashine inawaka, Windows nayo inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwambie autafute ufunguo huo kwenye akaunti yake ya Microsoft na kuuandika kwenye karatasi wakati Windows bado inawaka.

7. Vidogo vinavyokwamisha

Kibodi. Mtumba huja kutoka Ulaya, na laptopu ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Kwenye skrini ya kibodi kuna kisanduku cha kujaribia. Aandike humo neno lenye y na z, na alama ya @. Akikosea hapa, nywila atakayoiweka baadaye hataweza kuirudia.

Nywila. Kwenye tarminali, dirisha la kuandikia amri, ukiiandika herufi zake hazionekani: kwenye Mint hutokea nyota tu, na kwenye Linux nyingine nyingi hata nyota hazitokei. Mwambie kibodi haijafa.

Saa. Ramani ikimwuliza yuko wapi, achague Dar es Salaam au Nairobi. Kama amebaki na Windows, akirudi huko atakuta saa iko nyuma kwa saa tatu, kwa sababu Linux huandika saa ya UTC ndani ya mashine na Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa. Amri moja kwenye Mint, timedatectl set-local-rtc 1, inamaliza ugomvi.

Skrini ya bluu ya MOK, yaani ufunguo wa mwenye mashine. Kama Secure Boot imewashwa na akaweka alama kwenye kodeki za muziki na video, kisakinishi kitamwomba nywila ya ziada. Akiwasha mara ya kwanza itatokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde kumi tu. Mwandikie mfuatano kamili: bonyeza kitufe chochote, "Enroll MOK", "Continue", "Yes", ile nywila, "Reboot". Bila karatasi, hakuna mgeni anayeweza kubuni hilo.

Kung'oa flashi. Mwishoni inaandika "Please remove the installation medium, then press ENTER". Mwambie ni flashi hiyo hiyo. Neno "medium" limewapeleka watu kutafuta CD.

8. Mpe mtu, kisha ufunge mdomo

Maelekezo yakishakamilika, tafuta mtu ambaye hajawahi kupiga mfumo wowote, na laptopu ambayo haina cha kupoteza. Mpe karatasi. Kaa nyuma yake, na usiseme neno. Ni kazi ngumu kuliko kuandika. Mkono utakuwasha uonyeshe kwa kidole. Uweke chini ya paja. Kila anapokuuliza, usijibu. Andika swali lake pembeni ya mstari alipo, kwa maneno yake mwenyewe. Kila anapotulia zaidi ya nusu dakika, weka nukta hapo. Unaingilia tu akikaribia kufuta kitu cha mtu.

Mara yangu ya kwanza nilipata nukta kumi na nne. Sita zilikuwa mahali pamoja, kwenye kuwasha kutoka kwenye flashi, na mbili zilikuwa neno "kizigeu". Nilirekebisha nikampa mtu mwingine, si yule yule, kwa sababu yule alikuwa ameshakuwa fundi. Wa tatu alimaliza bila kuuliza, isipokuwa Wi-Fi ilikataa. Laptopu yake ilitaka kiendeshi ambacho hakikuwemo kwenye flashi. Nikaongeza mstari: unganisha simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", fungua Driver Manager, subiri, bofya "Apply Changes". Siku hizi mstari huo uko ukurasa wa mwisho, chini kabisa, na pembeni yake nimeandika kwa kalamu: zima masasisho ya simu kwanza, bando litaisha.